MRI haijui saratani ni nini

Kipimo cha MRI kimezoeleka mijini kiasi kwamba siku hizi mgonjwa ndiye anayemwambia daktari, "Niandikie MRI." Si vibaya. Tatizo ni kwamba mashine zimekuja na maneno yake, na maneno yanafika mbali kuliko mashine. Mengine ni ya benchi la hospitali, mengine ya makundi ya WhatsApp ya ukoo, na mengine, tuseme ukweli, yanatoka kwa waliovaa makoti meupe. Nimeyachukua yanayohusu uvimbe na saratani, nayajibu moja moja. Yapo yatakayomalizika kwa mistari michache. Yapo yenye nusu ya ukweli ndani yake, na hayo ndiyo yanayotaka muda.

"MRI ni mionzi. Utaenda kutafuta saratani, utaipata humo humo."

Si kweli. Eksirei na CT hutumia mionzi yenye nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomi, ndiyo maana madaktari huihesabu kwa uangalifu, hasa kwa watoto. MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Kwenye mashine ya Tesla 1.5 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) mawimbi hayo ni ya megahezi 64 hivi, chini kidogo ya masafa ya stesheni za FM. Yanaweza kuupasha mwili joto kidogo, na mashine hukizuia kiwango hicho kisizidi. Kuvunja vinasaba hayawezi.

Hatari ya kweli ya chumba kile ni nyingine, na inashangaza kwamba hiyo haivumi. Sumaku imetengenezwa kwa waya uliozamishwa kwenye heliamu ya kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri, na haizimwi jioni watu wakirudi makwao. Umeme ukikatika taa zitazimika na kompyuta zitazimika, sumaku itaendelea kuvuta. Mwaka 2018 huko Mumbai, India, mwanamume aliyekwenda kumtazama ndugu yake aliingia chumbani na mtungi wa oksijeni; ndugu zake walisema mhudumu alimwambia mashine imezimwa. Mtungi ulivutwa, naye akavutwa nao, akafa. Kwa hiyo yule anayekuuliza mara tatu kama una kifaa cha moyo, klipu ya mshipa kichwani au kipande cha chuma jichoni hakusumbui. Mjibu, na usimfiche.

"MRI inapiga picha ya saratani. Ikiwepo itaonekana, isipoonekana haipo."

Hili ndilo dai lililoyazaa mengi ya mengine, kwa hiyo tukae nalo.

Mashine haijui saratani ni nini. Inachokijua ni maji, na mafuta kidogo. Kila chembe ya maji ina hidrojeni, na kiini cha hidrojeni ni protoni moja inayofanya kazi kama kisumaku kidogo. Ukiingia kwenye Tesla 1.5, kati ya kila protoni milioni moja, zile zinazoufuata mwelekeo wa sumaku huzizidi zinazoupinga kwa tano hivi tu. Picha yote inatokana na ziada hiyo ndogo. Mashine huzisukuma protoni kwa wimbi la redio, inaziacha, kisha inasikiliza zinavyorudi mahali pake. Kuwahi au kuchelewa kwao kunategemea maji hayo yanaishi wapi: kwenye msuli, kwenye mafuta, kwenye uvimbe, au yanaelea huru kama maji ya uti wa mgongo.

Dai hili halikuanzia WhatsApp. Lilianza na mmoja wa waasisi. Mwaka 1971 daktari Mmarekani, Raymond Damadian, aliandika kwenye jarida la Science kwamba protoni za uvimbe wa panya huchelewa kurudi kuliko za tishu nzima, akaamini ameshika alama ya saratani yenyewe. Mwaka 1977 mashine yake, aliyoipa jina Indomitable, ilichukua karibu saa tano kutoa picha moja ya kifua cha mtu. Ila walioendelea kupima wakagundua kwamba jipu nalo huchelewa, uvimbe usio wa saratani huchelewa, hata tishu iliyovilia maji kwa sababu ya jeraha huchelewa. Alama ya saratani haikuwepo. Kilichobaki na kuleta mapinduzi ni njia ya kugeuza ishara hizo kuwa picha, na hiyo ilitoka kwa Paul Lauterbur mwaka 1973 na kwa Peter Mansfield. Hao ndio waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Damadian akalipia kurasa nzima za magazeti kulalamika. Binafsi naona alistahili kutajwa zaidi kuliko alivyotajwa, lakini kwa hili la alama ya saratani, hakuwa sahihi.

Basi mbinu za kisasa zinafanya nini? Zinaiuliza mashine maswali zaidi kuhusu maji yaleyale. Chukua mgonjwa mwenye VVU aliyeletwa hospitali kwa degedege. Picha ya kawaida inaonyesha kitu cha duara ndani ya ubongo, kimezungukwa na ukingo unaong'aa baada ya kuchomwa dawa ya kung'arisha picha. Huku kwetu orodha ni ndefu: saratani, jipu la bakteria, uvimbe wa kifua kikuu, toksoplasma, hata kifuko cha mnyoo wa tegu. Kwa macho vyote hivi vinaweza kufanana.

Swali la kwanza ni la mwendo wa maji, mbinu iliyoletwa kwenye picha za kitabibu katikati ya miaka ya 1980 na Mfaransa Denis Le Bihan. Chembe za maji hazitulii. Zinahangaika huku na huko muda wote. Penye seli zilizobanana, chembe ya maji ni kama abiria wa daladala saa moja asubuhi: anatikisika, lakini hasogei. Mashine hupima umbali huo wa kusogea na kuuchora kwenye ramani iitwayo ADC, ambamo maji yaliyobanwa huonekana meusi. Usaha wa jipu ni mzito, kwa hiyo katikati ya jipu ramani huwa nyeusi. Katikati ya saratani kali ya ubongo mara nyingi pameshakufa na kuyeyuka, maji yanatembea, ramani inakuwa nyeupe. Vitu viwili vilivyofanana vimeanza kutengana. Ila kung'aa kwenye picha ya mwendo peke yake hakutoshi, kwa sababu eneo lenye maji mengi sana linaweza kung'aa humo bila kubanwa na chochote. Ni lazima ramani ya ADC ikubali. Ripoti inayotaja mng'ao bila kutaja ADC haijamaliza kazi.

Swali la pili ni la damu. Ile dawa ya picha inapigwa mshipani kwa kasi, na mashine inafuatilia sekunde kwa sekunde jinsi inavyopita. Uvimbe wa saratani unaokua haraka hujijengea mishipa mingi. Toksoplasma haina mishipa, inakaa kama kisima kikavu. Kwa mgonjwa wetu mwenye VVU hii ni tofauti kati ya kupewa dawa za toksoplasma na kutafutiwa daktari wa saratani ya limfu.

Swali la tatu ni la kemia, na linaitwa spektroskopia. Hapa hakuna picha ya ubongo bali mstari wenye vilele, kila kilele na kemikali yake. Kolini hupanda pale seli zinapojenga kuta mpya kwa kasi. Kemikali iitwayo NAA, ambayo ni ya seli za neva zilizo hai, hushuka pale neva zinapokufa au kusukumwa nje. Uvimbe wa kifua kikuu una tabia yake: kilele kikubwa cha mafuta, kwa sababu katikati yake pamejaa uchafu wa mafuta kutoka kwenye seli zilizokufa na kuta za bakteria.

Kila jibu hapo ni dokezo. Matatu yakikubaliana, daktari anasimama mahali pagumu zaidi kutikisika. Yakipingana, anaandika hivyo kwenye ripoti, na ripoti ya namna hiyo ni ya kuheshimiwa.

Na nusu ya pili ya dai, kwamba isipoonekana haipo? Madaktari wa upasuaji wa ubongo wanajua kwamba seli za saratani aina ya glioblastoma hutambaa mbali kupita ukingo unaong'aa kwenye picha. Wanaukata uvimbe wote unaoonekana, na bado mgonjwa anapelekwa kwenye mionzi.

"Ukishapiga MRI huna haja ya kukatwa kinyama."

Wanaume ndio wanaolipenda zaidi dai hili, na sababu inaeleweka. Sindano ya kutoa kinyama cha tezi dume hupitia njia ya haja kubwa au msambani, na hakuna anayeitamani.

Utafiti wa miaka ya karibuni umewapa nguvu kidogo. Zamani mwanamume mwenye PSA ya juu, yaani kile kipimo cha damu cha tezi dume, alichomwa sindano kumi au kumi na mbili kwa kubahatisha, bila mtu kujua uvimbe uko upande gani. Utafiti wa PROMIS, uliotoka kwenye Lancet mwaka 2017, uliwapima wanaume 576 nchini Uingereza kwa njia zote: MRI, sindano za desturi, na sindano nyingi za kila milimita 5 zilizotumika kama hakimu. Sindano za desturi zilinasa asilimia 48 ya saratani zenye uzito, yaani zile za hatari. MRI ilinasa asilimia 93.

Wapenda dai huishia hapo. Lakini utafiti huohuo una namba ya pili: kati ya wanaume wasio na saratani yenye uzito, MRI iliwaondolea shaka asilimia 41 tu. Wengine wote walionyesha doa la kutilia mashaka. Uvimbe wa kawaida wa uzeeni, uambukizi wa zamani, kovu. Vyote hivyo hubana maji.

Tazama mwenyewe jinsi msomaji wa picha anavyofikia uamuzi. Kwenye picha ya T2, moja ya picha za kawaida za MRI, ukanda wa nje wa tezi dume huwa mweupe, kwa kuwa umejaa vijitezi vyenye majimaji. Doa jeusi hapo linamfanya asogeze kiti. Anahamia kwenye picha ya mwendo wa maji: doa lilelile likiwa jeupe humo na jeusi kwenye ADC, alama inapanda. Alama hizo zinaitwa PI-RADS na zinaanzia 1 hadi 5. Doa lenye sentimita 1.5 au zaidi, au lililotoboa nje ya tezi, hupewa 5. Hata 5 si hukumu ya saratani. Ni shaka kubwa, basi.

Mwaka 2018 utafiti wa PRECISION ulionyesha matumizi yaliyo sawa. Wanaume 500 waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza lilianza na MRI: asiye na doa hakuchomwa, mwenye doa alichomwa palepale penye doa. Kundi la pili lilifuata desturi. Saratani yenye uzito ilipatikana kwa asilimia 38 ya kundi la MRI na asilimia 26 ya kundi la desturi. Zile saratani ndogo zisizo na madhara, ambazo mara nyingi humtia mtu hofu na kumwingiza kwenye upasuaji usio na faida, zilikuwa asilimia 9 dhidi ya 22. Asilimia 28 ya waliopimwa MRI hawakuguswa na sindano kabisa. Sindano haikufutwa. Ilipata macho.

Kwa kulitendea dai haki, kuna mahali ambapo lina ukweli: ini. Mtu mwenye sirosi au homa ya ini B ya muda mrefu akionekana na uvimbe unaochota dawa mapema, wakati damu ya ateri inapita, kisha ukaitema upesi kuliko ini linalouzunguka, madaktari hukubaliana kuiita saratani ya ini na kuanza tiba bila kinyama. Homa ya ini B ipo kwetu kwa wingi, kwa hiyo hili si jambo la vitabuni. Lakini masharti ni masharti. Mtu asiye na ugonjwa wa ini akiwa na picha hiyohiyo, sindano inarudi.

Ubongoni hali ni tofauti. Tangu mwaka 2012 watafiti wameonyesha kwamba spektroskopia inaweza kunasa kemikali iitwayo 2-HG, inayozalishwa kwa wingi na uvimbe wenye hitilafu kwenye jeni la IDH. Ni kazi ya kupendeza. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 bado unataka jeni lenyewe lipimwe, na jeni linapimwa kwenye nyama.

Neno moja kabla sijatoka kwenye tezi dume. Wanaume wengi wa kwetu hufika hospitali wamechelewa, PSA imefika mamia, mgongo unauma. Huyo hahitaji MRI nzuri ya tezi dume. Akianza kulegea miguu au kushindwa kujizuia mkojo, anahitaji MRI ya uti wa mgongo mzima, na leo, maana saratani iliyofika kwenye pingili inaweza kuukandamiza uti na kumpoozesha. Saa chache zinaweza kuwa tofauti ya kutembea na kutotembea. Ingekuwa mimi ninayepanga foleni, huyo angemtangulia kila mtu.

"MRI ni ya kichwa na mgongo tu."

Hili limepitwa na wakati. Saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania ni ya shingo ya kizazi, na swali linaloamua tiba ni kama imetoka nje ya shingo na kuingia kwenye tishu za pembeni. Ikiwa haijatoka na ni ndogo, upasuaji unawezekana. Ikiwa imetoka, ni mionzi na dawa. Kwa miaka mingi hatua hiyo ilipangwa kwa vidole vya daktari. Mwaka 2018 shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi, FIGO, lilibadili kanuni zake na kuruhusu picha zitumike kupanga hatua, na kwa tishu laini za nyonga hakuna picha inayoizidi MRI. Saratani ya puru nayo ni hivyohivyo: MRI humwonyesha mpasuaji kama uvimbe umekaribia mpaka atakaoukata kwa milimita moja au chini yake. Kwa mapafu, hata hivyo, CT bado ndiyo mwenye nyumba. Asikwambie mtu kwamba MRI ni bora kuliko CT kila mahali.

"Mashine ya Tesla 3 ndiyo mashine. Ya 1.5 ni kupoteza pesa."

Mashine za PROMIS, zilizonasa asilimia 93, zilikuwa za Tesla 1.5.

Nguvu ya sumaku ikiongezeka maradufu, ishara nayo huongezeka karibu maradufu, na faida hiyo ni ya kweli kwa vitu vidogo. Lakini Tesla 3 hukuza pia kasoro: chuma cha nyonga bandia huharibu eneo kubwa zaidi, na tumbo la mtu mnene linaweza kutoka na kivuli katikati. Kinachoiua picha mara nyingi ni mambo ya kawaida. Gesi kwenye puru huipinda picha ya mwendo wa maji ya tezi dume, palepale doa lilipo. Mgonjwa ambaye hakuelezwa vizuri namna ya kubana pumzi huhema katikati ya picha ya ini, na dawa iliyokwishachomwa hairudishwi nyuma. Mtu aliyelala ndani ya bomba lile, masikio yamezibwa, mashine inagonga kama watu wanavunja ukuta, anahitaji kuambiwa kwa lugha yake kwamba sasa utabana pumzi, hesabu polepole, sasa achia. Dakika mbili za maelezo kabla ya kuingia zinaweza kuzidi thamani ya Tesla moja na nusu.

Upande wa pili wa mizani nao una la kusema. Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, wakishirikiana na wenzao wa Leiden, Uholanzi, na wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, waliunganisha mashine ya MRI palepale chuoni, yenye nguvu ya takribani Tesla 0.05. Haihitaji heliamu. Lengo lao kubwa ni watoto wenye kichwa kikubwa cha kujaa maji, na kwa hilo picha isiyo na ung'avu mkubwa inatosha kumwongoza daktari. Kutafuta kidonda cha milimita tano kwenye titi si kazi yake, na hakuna aliyesema ni kazi yake.

"Ile dawa wanayochoma inaua figo na inabaki ubongoni."

Hapa pana ukweli uliochanganywa. Dawa hiyo, ambayo wengi huiita kontrasti, ina gadolini, madini ambayo yakiwa huru ni sumu. Kwa hiyo hufungwa ndani ya molekuli nyingine ili yatoke na mkojo. Mwaka 2006 madaktari wa Ulaya waligundua kwamba baadhi ya wagonjwa ambao figo zao zilikuwa zimekwishaharibika walipata ugonjwa mbaya wa ngozi kukakamaa baada ya kuchomwa. Ona mpangilio: figo zilikuwa zimeharibika kabla. Dawa haikuziua, zilishindwa kuitoa. Mwaka 2014 watafiti wa Japani wakaonyesha kwamba kwa waliochomwa mara nyingi, sehemu fulani za ndani ya ubongo hubaki na alama ya gadolini. Madhara ya alama hiyo kwa mwenye figo nzima hayajathibitishwa, lakini Ulaya haikusubiri: mwaka 2017 mamlaka yake ya dawa ilisimamisha aina kadhaa za mstari wazi, ambazo hulegea kirahisi, na kuziacha zile zinazoifunga gadolini ndani ya pete.

Kwa hiyo maswali ya kumuuliza daktari ni matatu: figo zangu zimepimwa? Na dawa mnayotumia ni ya aina gani? La tatu ni zuri kuliko yote: je, hii dawa inahitajika kweli? Mwaka 2025 utafiti wa PRIME uliwachukua wanaume 490, picha zao za tezi dume zikasomwa kwanza bila sehemu ya dawa, kisha pamoja nayo. Saratani yenye uzito iligunduliwa kwa asilimia 29 ya wanaume, kwa njia zote mbili. Pale picha zinapokuwa za ubora mzuri, kipimo kinaweza kuwa kifupi, cha bei nafuu, na bila sindano ya mshipani.

"Picha ya baada ya mionzi inaonyesha uvimbe umekua. Tiba imeshindwa."

Dai hili linaumiza kwa sababu linasikika kama sayansi. Baada ya saratani ya ubongo kutibiwa kwa mionzi na vidonge, mishipa ya damu ya eneo lile huvuja, na dawa ya picha hupenya kwenye uvujaji huo. Kwenye karatasi uvimbe unaonekana umekua. Kwa baadhi ya wagonjwa eneo hilo hutulia lenyewe wiki kadhaa baadaye, bila kubadili tiba. Ndiyo maana kanuni za RANO za mwaka 2010, za kutathmini tiba ya uvimbe wa ubongo, zinawaonya madaktari wasitangaze kushindwa ndani ya wiki 12 za kwanza baada ya mionzi, isipokuwa mng'ao mpya umetokea nje ya eneo lililopigwa au nyama imethibitisha. Ile mbinu ya kufuatilia mpito wa damu husaidia hapa: saratani iliyorudi huwa na damu nyingi, tishu iliyokufa kwa mionzi huwa na kidogo. Kinyume chake pia kipo. Dawa zinazoziba mishipa huufanya uvimbe uache kung'aa ndani ya siku chache, familia inashangilia, kumbe uvimbe upo palepale na umejificha tu.

"Mwenye uwezo apige MRI ya mwili mzima kila mwaka."

Biashara hii inakua Marekani na Ghuba. Jibu langu ni hapana, nikiwa na sababu.

Mwaka 2007 watafiti wa Rotterdam walichapisha matokeo ya MRI ya ubongo ya watu 2,000 wa kawaida kutoka mtaani. Asilimia 1.8 walikuwa na mshipa uliovimba, asilimia 1.6 walikuwa na uvimbe usio wa saratani, na asilimia 7.2 walikuwa na alama za kiharusi ambacho wengi wao hawakukijua. Hayo ni ya kichwa tu. Ongeza figo, ini, tezi ya shingo na nyonga, halafu jiulize ni wangapi watatoka na jina la kitu kisichowahi kuwasumbua, na ni wangapi watakatwa kwa ajili yake. Chuo cha Radiolojia cha Marekani kilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kumshauri mtu asiye na dalili wala hatari maalumu apimwe mwili mzima.

Mwenye hatari maalumu ni hadithi nyingine. Familia zenye ugonjwa wa kurithi wa Li-Fraumeni hupigwa mwili mzima kila mwaka, na kwa haki. Wanawake wenye hitilafu ya jeni la BRCA hupimwa matiti kwa MRI. Uholanzi, kwenye utafiti wa DENSE wa mwaka 2019, wanawake wenye matiti mazito sana, ambayo mammografia huyaona kama ukuta mweupe, walialikwa kupimwa MRI ya ziada. Saratani zilizojitokeza katikati ya vipimo viwili zilikuwa 2.5 kwa kila wanawake 1,000 waliopewa mwaliko, dhidi ya 5 kwa wasioalikwa. Gharama yake ilikuwa hii: kati ya kila 1,000 waliopimwa, 80 hivi waliitwa tena kwa hofu isiyo na saratani. Huo ni upimaji wenye swali. Ule wa mwili mzima kwa kila mwenye pesa ni jibu linalotafuta swali.

"Akili mnemba itasoma picha, madaktari hawatahitajika."

Mwaka 2024 utafiti wa PI-CAI ulionyesha programu iliyowashinda kwa wastani wataalamu 62 wa radiolojia katika kubaini saratani ya tezi dume kwenye picha za MRI. Ni matokeo makubwa na sitayadharau. Programu hiyo ililelewa kwa picha za Uholanzi na kujaribiwa kwa za Uholanzi na Norwe, kwa kazi moja, kiungo kimoja. Haikuulizwa kuhusu mgonjwa wa degedege mwenye VVU, na uvimbe wa kifua kikuu haiujui. Siku itakapolelewa kwa picha za huku, tutazungumza upya.

Mpaka hapo, ukiandikiwa MRI, fanya mambo mawili. Soma fomu kabla ya kuipeleka: kama imeandikwa "MRI ya kichwa" bila dalili, bila muda wa ugonjwa, bila kutaja upasuaji au mionzi uliyopata, mrudishie daktari aijaze, kwa sababu anayepiga picha huchagua mbinu kwa kufuata swali lililoandikwa pale. Na picha zako za zamani, hata kama ziko kwenye CD iliyochubuka, zibebe.